Nimekosa kifungo cha nje siku 11, sasa naambiwa nikimbilie Saudia

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitaje manake hapa mtaani kila mtu ana simu na kila mtu anasoma. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 31, naishi huku Kisauni, Mombasa, binti yangu mkubwa yuko gredi ya sita na wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minane bado ananyonya. Baba yao alienda Nairobi kutafuta kazi mwaka juzi, mwanzo alikuwa anatuma kitu, saa hizi simu yake haishiki.

Nlikuwa na kibarua cha kufua na kusafisha nyumba za wageni kule Bamburi, kibarua kikaisha, nikakaa miezi mitatu naombaomba kwa jirani mpaka haya ikanishika, ndio nikaanza kuuza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Sikuwa napika, kuna mama alikuwa ananiletea mtungi wa lita ishirini mimi nauza nyumbani kwa glasi. Najua ni makosa sitaki kujitetea. Polisi wakaja Ijumaa usiku, nikalala seli na mtoto mgongoni mpaka Jumatatu nikapelekwa kortini nikakubali makosa. Hakimu akataka ripoti ya probesheni kwanza, nikarudishwa rumande siku tisa, hawa wawili wakubwa wamebaki kwa jirani wanakula kwa huruma ya watu. Afisa wa probesheni akaja mpaka nyumbani, akaongea na mamamkwe, akaongea na mzee wa mtaa, akauliza watoto wanakula nini. Siku ya hukumu hakimu akaniambia badala ya jela nitumikie kifungo cha nje miezi sita kwenye shule moja ya msingi, kufagia, kumwagilia miche, kusaidia jikoni, Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi hadi saa sita na nusu. Shangazi nililia palepale kwa furaha.

Miezi miwili ya kwanza nlienda kila siku sikukosa hata moja. Halafu yule mwalimu aliyekuwa ananisimamia akahamishwa, akaja mwingine, huyu akaanza kunipa nguo zake nifue, mara nimuoshee gari, mara nimpelekee nguo nyumbani kwake jioni mkewe akiwa kazini. Nikasema mimi jioni siwezi nina mtoto, akaanza kunikatalia sahihi kwenye kitabu, naenda nafanya kazi saa zote halafu ananiambia leo hukuja. Shida nyingine ni kwamba hiyo shule ndiyo anayosoma binti yangu. Wenzake wanamwambia mamako mfungwa, siku moja nikiwa nafagia akapita na wenzake akajifanya hanijui. Sikumlaumu ila usiku sikulala.

Sasa mtoto mdogo akashikwa na homa na kuharisha, nikampeleka dispensari, siku nne sikuenda kazini. Siku ya tano nikaogopa kurudi, nikasema kesho, kesho ikawa keshokutwa, leo ni siku 11. Afisa wa probesheni amepiga simu mara mbili sijashika, nilivyoona namba yake mkono ukatetemeka. Yule mama wa chang'aa naye anataka pesa yake 6,400 anasema nikiuza mtungi mmoja tu tutakuwa tumemalizana.

Wifi yangu ananiambia kuna ejenti anaweza kunipeleka Saudia kazi za nyumbani ndani ya wiki tatu, hakuna karatasi nyingi, watoto niwaachie mamamkwe. Anasema nikibaki nitafungwa tu, kwa hivo bora niondoke. Shangazi niambie ukweli, nikienda kwa afisa si ndio watanishika palepale? Na nikishikwa watoto wangu ni nani atawaangalia?

Mama watatu, Kisauni

*

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na lile unaloliogopa zaidi. Usikimbie, na usiende Saudia, na kesho asubuhi uende ofisi ya probesheni kwa miguu yako mwenyewe kabla korti haijakuita. Nikikwambia hivi sikuhukumu wala sikutishi. Nimekaa na wanawake wengi waliopitia kifungo cha nje, na wale niliowaona wakiishia ndani karibu wote hawakufanya kosa jipya kubwa, walinyamaza tu. Mtoto aliugua, au mume alipiga mtu akavimba uso akaona haya kutoka, au nauli ilikosekana, wakakosa siku mbili wakaogopa ya tatu, na afisa akakaa na kitabu kitupu hana la kumwambia hakimu isipokuwa huyu ametoroka. Wewe saa hizi kwenye faili unaonekana mtoro, na sio kwa sababu wewe ni mtoro, ni kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba mtoto alikuwa anaharisha.

Sheria yenyewe nikuelezee manake naona ulipewa hukumu lakini hukuelezwa vizuri, ama ulielezwa ukiwa unalia hukusikia. Hicho kifungo cha nje kinatoka kwenye Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu au hakimu ameona miaka mitatu ama chini yake inatosha. Hakimu anatakiwa akueleze maana ya hiyo amri, akuambie ukivunja kitatokea nini, na wewe ukubali. Ukivunja, afisa anapeleka habari kortini na unaitwa ujieleze. Hapo ndipo mtaani mnadanganyana kwamba ukikosa tu basi ni jela moja kwa moja. Hakimu akishakusikiliza anaweza kukuonya uendelee, anaweza kuibadilisha amri iendane na hali yako, na ndio anaweza pia kuifuta na kukupa hukumu nyingine kwa lile kosa la kwanza, hilo silifichi. Lakini sasa jiweke wewe kwenye kiti cha hakimu. Anakuja mama mwenye miezi miwili ya kazi bila kukosa, ana karatasi ya dispensari mkononi, amekuja mwenyewe. Halafu anakuja mwingine aliyetafutwa wiki sita akashikwa stendi na begi. Utawaona sawa?

Kwa hivo ile karatasi ya dispensari itafute leo usiku kabla hujalala. Kama hukupewa karatasi kuna kile kitabu cha kliniki cha mtoto, na kama hawakuandika humo rudi dispensari uombe wakuandikie tarehe, mtoto alihudumiwa iko kwenye rejista yao. Jirani aliyekusindikiza, kama yupo, mwambie ajiandae kusema.

Sasa nije kwa huyo msimamizi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Umeandika mistari mingi kuhusu siku 11 na mistari miwili kuhusu huyu bwana halafu ukakimbilia mambo mengine. Nguo zake, gari lake, halafu nyumbani kwake jioni mkewe hayuko. Mimi ni mtu mzima mwanangu, nimeelewa kwa nini ulisema una mtoto. Na nimeelewa pia ni nini hasa kilichokufanya uogope kurudi siku ya tano, sidhani ilikuwa ni zile siku nne tu.

Sheria inasema huduma kwa jamii ni kazi ya umma isiyolipwa, ndani ya jamii, kwa faida ya hiyo jamii. Imetaja hadi mifano, barabara za umma, kupanda miti, kutunza mazingira, miradi ya maji, ukarabati na usafi wa shule na hospitali za umma, kazi kwenye makao ya mayatima. Nguo za ndani za msimamizi hazimo. Wewe unalipa deni kwa wananchi wa Kisauni, hulipi deni kwa mwanamume mmoja, na yeye hana mamlaka ya kuongeza wala kupunguza hukumu yako, ana kalamu ya kuandika ulikuja au hukuja basi. Akiandika hukuja na wewe ulikuja anaidanganya mahakama. Na akitumia hiyo kalamu kukutaka kimwili, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kuna kifungu kabisa kuhusu mtu mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake, adhabu yake inaanzia miaka mitatu ndani au faini isiyopungua laki moja. Wewe uliyeuza glasi za chang'aa ukapewa miezi sita ya kufagia ndiye unayejificha, na yeye anapita kifua mbele. Hiyo imenikasirisha sana, wacha niseme.

Kwa hivo ukifika kwa afisa usianze na kuomba msamaha wa siku 11 ukaishia hapo. Sema yote. Sema tarehe unazokumbuka alizokataa sahihi, ni nani alikuona ukifanya kazi siku hizo, wapishi wa shule, askari wa geti, walimu wengine, hao ndio mashahidi wako. Kama amewahi kukutumia meseji usifute. Kama afisa wako ni mwanamume na ulimi unakuwa mzito, mwambie tu naomba kuongea na afisa mwanamke, hata kama itabidi urudi kesho yake, bora ukishaandikiwa kwamba ulifika. Na kama kuna zaidi ya ulichoniandikia, kama alishakugusa, piga 1195, ni bure na wanapokea usiku na mchana, watakuelekeza uende hospitali gani na uripoti wapi. Sikulazimishi uniambie mimi.

Halafu uombe kuhamishwa. Usiombe kama anayeomba hisani, hiyo amri inaweza kurekebishwa korti ikiona sababu, na wewe sababu unazo mbili kubwa, huyo msimamizi, na binti yako. Kwa kweli sijui ilikuwaje ukapangiwa shule anayosoma mtoto wako, pengine ndiyo ilikuwa karibu na nyumbani na afisa aliona anakusaidia nauli, lakini huyo mtoto anaitumikia hukumu ambayo hakimu hakumpa. Omba kituo cha afya, omba soko, omba hata vitalu vya miche, mahali pa kutembea kwa miguu na ambapo unaweza kukaa na huyo mdogo mgongoni. Uliza pia kama saa zinaweza kupangwa upya kufuatana na kunyonyesha. Wanawake hatuulizi haya manake tunaona tukishasamehewa jela tumenyamazishwa, lakini hujasamehewa kitu mwanangu, umehukumiwa na unatumikia, na anayetumikia hukumu ana haki ya kuitumikia salama.

Ukifika ofisini ukapigwa danadana, njoo kesho, faili halionekani, usirudi nyumbani kulala. Nenda masjala ya korti iliyokuhukumu na namba ya kesi yako, mwambie karani unataka faili liitwe mbele ya hakimu uongee naye. Na kabla ya hapo pita FIDA, wana ofisi hapo Mombasa, ni mawakili wanawake wanaosaidia wanawake wasio na pesa na hawatakulipisha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo ilileta huduma ya serikali ya mawakili kwa wasiojiweza, uliza. Hata likitokea baya kabisa, hakimu akafuta amri akakupeleka ndani, sio mwisho, una siku 14 za kukata rufaa, na Mahakama Kuu ina nguvu za kupitia upya hukumu za mahakama za chini, wafungwa wengi wameandika barua kutoka gerezani wakabadilishiwa kilichobaki kikawa kifungo cha nje. Nakwambia haya ili woga upungue, sio ili uzembee.

Umeniuliza nani atawaangalia watoto. Nikujibu kama ilivyo. Ukifungwa, sheria inakuruhusu kuingia na mtoto aliye chini ya miaka minne, kwa hivo huyo anayenyonya ataingia na wewe gerezani akae nyuma ya kuta kwa kosa lisilo lake, na hao wakubwa wawili watabaki kwa huruma za watu tena kama zile siku tisa. Ndio maana hii njia ya nje ipo. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, na moja inasema mwenye mimba na mwenye watoto wanaomtegemea, hukumu isiyo ya gereza ipewe kipaumbele pale inapowezekana. Teresa Njoroge, huyu alikuwa mfanyakazi wa benki, alifungwa mwaka mzima gereza la wanawake la Lang'ata na mtoto wake mchanga kwa kosa ambalo anasema hakulifanya, na alipotoka akaanzisha shirika la Clean Start la kuwashika mkono wanawake wanaotoka jela. Anachokisema kila mara ni kwamba wengi aliowakuta mle ndani ni maskini walioshikwa kwa vitu vidogovidogo vya kutafuta riziki, na kukosa dhamana au faini ndiko kulikowaingiza. Hiyo ni wewe kabisa, ila wewe kuna hakimu aliyekufungulia mlango wa nje. Hao watoto wako ndani ya ile ripoti iliyokuokoa, afisa aliwaona na macho yake, kwa hivo usiogope kuwataja tena.

Kuhusu Saudia. Sisemi hakuna waliofanikiwa, wapo, nawajua. Lakini ejenti halali amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, anakupa mkataba ukausoma, na atakudai cheti cha tabia njema ambacho kinatolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole na kuangalia rekodi ya jinai. Rekodi yako itaonekana na hukumu bado unaitumikia. Sasa huyu anayesema hakuna karatasi nyingi, jiulize anakupitisha wapi, na ukishafika ndani ya nyumba ya mtu pasipoti yako imeshikwa na simu huna, utamwita nani. Utakuwa umeikimbia shule ya Kisauni ambako jioni unarudi kwa watoto, ukaingia mahali pasipo na jioni. Na nyuma yako hati ya kukamatwa inakusubiri siku ya kurudi. Na titi la huyo mtoto atapewa na nani?

Wifi yako simwoni mbaya, ameona umezama akakurushia kamba ya kwanza aliyoipata mkononi. Mwambie kama anataka kukusaidia akuangalizie watoto asubuhi moja tu ya kesho.

Yule mama wa mtungi usimpe jibu la kutangatanga. Mwambie pesa sina, na mtungi haurudi kwangu. Deni la biashara haramu hawezi kukupeleka nalo mahakama yoyote, na ukishikwa na glasi moja ukiwa ndani ya kifungo cha nje hata mimi sitajua la kukuandikia. Akikutishia, hilo nalo ni la kumwambia afisa.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu probesheni, kwamba kazi yao haiishii kwenye kitabu cha sahihi. Wana ushauri nasaha, na wamekuwa na mpango wa kuwasaidia baadhi ya walio chini yao kwa mafunzo ya ufundi na vifaa vya kuanzia kazi, cherehani, vifaa vya saluni, vitu kama hivo. Sio kila mtu anapata, bajeti yao ni finyu, lakini asiyetajwa hapati kabisa. Wewe ulisema ulikuwa unafua na kusafisha, na jikoni shuleni ulikuwa unasaidia, unajua kupika? Mahamri na mbaazi za asubuhi ama viazi karai saa za watoto kutoka shule havihitaji mtaji wa kutisha. Kama kuna chama cha akina mama hapo kwenu kilichosajiliwa ingia hata kwa shilingi hamsini, manake mkopo wa Hazina ya Wanawake iliyoanza 2007 kwa kawaida unapitia kwa vikundi. Haya sio ya kesho. Kesho ni probesheni tu.

Na binti yako. Usimfiche, ana miaka ya kutosha na anajua zaidi ya unavyodhani. Leo usiku mkishakula mkalishe peke yake umwambie mama alifanya kosa, mama analilipa kwa kufagia, na kesho mama anaenda kuomba afagie mahali pengine. Usimwambie siri za huyo mwalimu, ila muulize taratibu kama na yeye amewahi kuitwa au kutumwa nyumbani kwa huyo mwalimu. Muulize kwa upole, usimtie hofu, na jibu lake lolote likikushtua namba ya watoto ni 116.

Asubuhi amka mapema, nyonyesha, beba karatasi ya dispensari, kitambulisho, namba ya kesi, na daftari lenye tarehe zako. Na usingoje hata asubuhi, ukimaliza kusoma hapa mtumie afisa meseji, huna haja ya kupiga kama mkono bado unatetemeka. Andika hivi, "Samahani sijashika simu zako, mtoto aliugua na kazini kuna shida nataka kukueleza, nakuja ofisini kesho asubuhi." Halafu ukishatoka huko niandikie, hata kama ni mstari mmoja. Nitakuwa naangalia.

Shangazi